Kampeni ya Shekemu

Msimu wa kampeni ukifika, maswali yanayoletwa kwenye jumuiya zetu karibu hufanana. Je, Mkristo avae fulana ya chama? Je, mzee wa kanisa agombee udiwani? Je, ni dhambi kupokea khanga aliyogawa mgombea? Hilo la tatu huulizwa kwa kicheko, maana khanga hizo zimo katika makabati mengi. Sisi tunaliona ndilo zito kuliko yote.

Mawili ya kwanza hayatuchukui muda. Nchi yetu ilirudi kwenye vyama vingi mwaka 1992, ingawa Tume ya Nyalali ilikuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kibaki kimoja. Wazazi wetu wengi waliogopa kwamba vyama vitatutenga hadi msibani. Vyama vimekuja, na bado tunazikana. Kuwa na kadi ya chama si kumkana Kristo; katika benchi moja la kanisa wanaketi watu wa vyama vitatu, na wote hukaribia meza ya Bwana. Mzee wa kanisa akitaka kugombea, agombee, ila daftari la washarika asiligeuze kuwa orodha ya wapiga kura wake.

Turudi kwenye khanga. Neno takrima ni neno zuri, maana yake ni kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikasema kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kimila hakitahesabiwa kuwa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na asasi nyingine mbili wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vinapingana na Katiba: mgombea asiye na fedha angeshindanaje na mwenye nazo? Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kisheria, basi, jambo limekwisha. Mitaani halijaisha. Na tazama ukarimu wenyewe ulivyo kichwa chini miguu juu: kwa desturi yetu mwenyeji ndiye humpikia mgeni, lakini huyu mgeni anakuja na pilau lake mwenyewe. Wahenga walituagiza siku ya tatu tumpe mgeni jembe. Huyu siku ya tatu hayupo, tutamwona baada ya miaka mitano.

Biblia ina kampeni moja iliyoelezwa hatua kwa hatua, nayo imo katika Waamuzi sura ya 9. Gideoni amekufa, ameacha wana sabini. Abimeleki, aliyezaliwa na suria wa Shekemu, anakwenda kwa wajomba zake na kuwatuma wakaseme na watu wa mji. Hoja zake ni mbili tu. Kwanza, mtawaliwe na watu sabini au na mmoja? Pili, mimi ni damu yenu. Mioyo ya watu ikamwelekea, maana ni ndugu yao. Hakuna aliyeuliza atatawala vipi. Kisha wakampa vipande sabini vya fedha, na fedha hiyo, ndugu msomaji, ilitoka hekaluni, katika nyumba ya Baal-berithi. Aliitumia kukodi wahuni, akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Akaponyoka mdogo wao, Yothamu, aliyepanda juu ya mlima Gerizimu na kuwapigia kelele mfano wa miti iliyotafuta mfalme.

Mfano huo huhubiriwa mara nyingi. Mzeituni ulikataa kuacha mafuta yake, mtini utamu wake, mzabibu divai yake. Mti wa miiba ukakubali. Wahubiri wengi huisifu ile miti mitatu kwa unyenyekevu. Sisi tunasita. Majibu yake yana sauti ya utakatifu, lakini yaliacha nafasi wazi, na miti iliyohitaji kivuli ikaenda kukitafuta kwenye miiba. Msharika anayesema siasa ni mchezo mchafu na hivyo hajiandikishi, haendi kusikiliza sera, hajui hata jina la diwani wake, anasema maneno ya mzeituni.

Upo usemi mwingine, wa kijanja zaidi: kula kwake, kura mpe mwingine. Kura ni siri, nani atajua? Hatumhukumu bibi aliyepokea elfu tano akanunua unga. Wa kuhojiwa kwanza ni aliyeona njaa yake akaigeuza mtaji. Lakini usemi wenyewe hatuukubali. Aliyeahidi huku akijua hatatimiza amesema uongo, hata kama aliyemwambia ni mwongo mwenzake. Kisha Kutoka 23:8 inaonya kwamba rushwa hupofusha hata wenye kuona, na sisi tunaongeza kwamba huziba mdomo pia. Zahanati ikikosa dawa mwaka ujao, aliyekula atauliza kwa sauti gani?

Kanisa nalo lina mdomo. Huko Shekemu fedha ilitoka hekaluni kwenda kwa mgombea. Kwetu njia imegeuka. Mgombea anaalikwa mgeni rasmi wa harambee, anatoa mabati na spika za kwaya, na baada ya matangazo anapewa kipaza sauti "asalimie". Jirani zetu Kenya wamelishughulikia hili. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwakataza wanasiasa kuhutubia ibadani; waje wasali kama wengine. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza zirudishwe fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia ya Soweto, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya padre. Tunajiuliza kwaya zetu zingesema nini siku spika zinapakiwa kurudishwa.

Abimeleki alitawala miaka mitatu. Mwisho wake aliubomoa mji uliomchagua na kuichoma moto ngome yake, na watu wapata elfu moja, wanaume na wanawake, wakafia katika ngome ya nyumba ya mungu wao walimokuwa wamekimbilia.

Sheria inaagiza mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Mkutano huo hauna fulana wala pilau, na mara nyingine huahirishwa kwa kukosa akidi. Tungependa siku na saa yake vitangazwe Jumapili, pamoja na zamu za usafi na mazoezi ya kwaya.