Mnara wa Ishbilia

Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu tukiitaja Andalusi huusifu uzuri wa majengo yake, kisha tukawalaani walioyatwaa. Natuutazame mji mmoja tu, Ishbilia, ambao Wahispania huuita Sevilla, nao hata leo ndio mji mkuu wa jimbo la Andalusia.

Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa mwaka 1172 kwa amri ya Khalifa Abu Yaaqub Yusuf wa Muwahhidina, na mnara ukatimia mwaka 1198, zama za mwanawe, Al-Mansur. Mnara huo haukupandwa kwa ngazi, bali kwa njia pana ya mteremko izungukayo ndani yake, hata mtu aweza kuupanda juu ya farasi. Leo kileleni pana kengele, na ua walipokuwa wakitawadha watu una michungwa.

Lakini mji ulitekwaje? Mfalme Ferdinand III wa Castile aliuingia mwaka 1248, baada ya kuuzingira zaidi ya mwaka mzima. Na katika jeshi lake walikuwamo wapanda farasi Waislamu! Waliletwa na Ibn al-Ahmar, mfalme wa Gharnata, aliyekwisha kukubali mwaka 1246 kumlipa Ferdinand kodi ili abakishiwe kiti chake. Hili hatulitaji tunapolia.

Nasi je? Miongoni mwetu wamo wanaoupita msikiti ulio mlangoni pao kwa kuwa imamu wake si wa upande wao; na Suratul-Anfal, aya ya 46, twaisoma.

Ama kiti kile cha Gharnata, warithi wa Ibn al-Ahmar walikitoa mwaka 1492.