JICHO LINALOKAWIA KUFUMBUKA



Ukigawa miwa kwa watoto, aliyepata kipande kifupi hulalamika mara moja. Aliyepata kirefu hutafuna, wala hasemi neno. Je, wote wawili wameuona upendeleo?

Mwaka 2015 wataalamu walitoa matokeo ya kuwajaribu watoto wa nchi 7, wenye umri wa miaka 4 hadi 15. Walikaa wawili wawili, na mmoja aliachiwa aukubali mgawo wa vitu vitamu au aukatae. Akikataa, wote wawili walikosa. Katika nchi zote 7, watoto walifikia umri wa kukataa kupewa 1 huku mwenzao akipewa 4. Lakini kukataa kuzidishiwa kulionekana katika nchi 3 tu: Uganda, Kanada na Marekani, tena kwa watoto wakubwa.

Basi jicho la kuona tunavyoonewa hufumbuka upesi. Jicho la kuona tunavyopendelewa hukawia, na pengine halifumbuki lisiposaidiwa.

Yakobo alilelewa katika nyumba ambamo baba alimpenda Esau, na mama akampenda yeye. Chuki iliyozuka ilimfanya aikimbie nyumba yao. Hata hivyo, alipokuwa mzee alimpa Yusufu peke yake kanzu nzuri, na ndugu zake wakamchukia. Malezi ya utotoni aliyabeba mpaka kwa wanawe.

Nasi tunao watu wazima wenye jicho moja. Mtu akirukwa katika foleni ya zahanati, hupaza sauti. Lakini karani akiwa shemeji yake na kumwita mbele, huingia kimya, akiona ni bahati.

Wengine husema kwamba mtoto azoee tu, maana dunia haina usawa. Ni kweli kwamba si kila mgawo hulingana: mgonjwa hupewa uji mzito, na mdogo hubebeshwa ndoo ndogo. Mtoto akielezwa sababu huridhika. Kinachomwumiza ni upendeleo usio na sababu.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, tusimsikilize mlalamikaji tu. Tumwulize pia aliyenyamaza, "Mwenzako amepata nini?" Tena anayekata awe wa mwisho kuchagua. Aliyezoezwa hivyo, siku atakapokuwa karani, ataitazama foleni nzima.