Mdudu Mmoja na Umma Mzima

Katika nyumba zetu za pwani, mtoto akimwona buibui ukutani hukimbilia kiatu, na mama akiona safu ya wadudu chungu karibu na kopo la sukari huwamwagia maji ya moto. Hatuulizi. Lakini Mwislamu ataulizwa juu ya kila alichopewa uwezo nacho, na uwezo wa kuua si uwezo mdogo. Basi na tuulize leo: je, yafaa kukiua kiumbe kwa sababu tu ni kidogo na kinatuudhi? Na pale inapofaa kukiua, mpaka wake ni wapi?

Imepokewa na Bukhari na Muslim kisa cha Nabii mmoja katika Manabii wa kale. Aliumwa na mdudu chungu, akaamrisha kijiji chote cha chungu kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwamba aliyemuuma ni mmoja, naye ameangamiza umma mzima unaomsabihi Mola wake. Na katika riwaya nyingine aliulizwa kwa nini hakumwadhibu yule mmoja tu.

Zingatia, ewe msomaji. Haki ya kujikinga haikukataliwa. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe ameruhusu kuuawa nge na panya kwa sababu ya madhara yao, na ametukataza kumwua chungu na nyuki. Lililolaumiwa hapa ni kupindukia mpaka.

Huenda mtu akasema: “Hayo ni mambo ya jikoni. Mwenye shamba afanyeje?” Swali hili ni la haki, na jawabu lake tutalitafuta mbali na pwani.

Nani kwetu asiyeusikia mji wa Tunduma, ambako malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupanga foleni kuingia Zambia? Kaskazini ya mji huo nchi huteremka hadi Bonde la Rukwa, na ncha ya kusini ya ziwa la bonde hilo imo katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Katika mbuga za majani za bonde hilo huishi nzige wekundu. Rukwa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo nzige hao huzaliana mpaka wakawa majeshi. Tangu kiasi cha mwaka 1930 hadi 1944 makundi yao yalienea sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya ikweta. Kwa ajili hiyo serikali zilifunga mkataba mwaka 1949, na kituo cha kuwalinda kikawekwa Abercorn, mji wa Zambia ambao sasa waitwa Mbala. Shirika linaloendeleza kazi hiyo leo lina makao yake Ndola.

Na ajabu ya nzige ni hii. Akiwa peke yake ni mdudu mtulivu, amejificha majanini, chakula cha korongo na ndege wengine. Mvua na majani yakiwafanya wengi wakasongamana mahali pamoja, rangi yao hubadilika na tabia zao hubadilika. Hutembea pamoja, huruka pamoja, na hula pamoja. Kiumbe ni kile kile. Basi ubaya haumo katika umbile lake. Dhara limekuja kwa hali, na hali yaweza kulindwa kabla haijafika.

Mkulima wa Momba au Mbozi aliyeliwa mahindi yake hana ghala jingine. Haifai sisi, tulio mbali na wali umo sahanini, tumwambie asubiri tu. Ni wajibu kuwazuia nzige. Lakini kwa silaha gani?

Zamani dunia ilipigana na nzige kwa sumu kama dieldrini. Nzige walikufa, lakini sumu hiyo hukaa ardhini miaka mingi, ikamwingia mdudu asiye na kosa, ikamwingia ndege aliyemla mdudu, na samaki, mpaka ikamfikia mwanadamu. Ndiyo maana imo katika zile zilizopigwa marufuku na mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Huko ndiko kuchoma kijiji kizima.

Mwaka 2009 nzige wekundu walipozidi katika mbuga za Tanzania, Rukwa ikiwamo, ndege zilinyunyiza dawa ya namna nyingine: kuvu inayowashika nzige na jamaa zao panzi, ikawaacha nyuki, ndege na samaki. Haiui papo hapo. Huchukua wiki moja hadi tatu, kwa hiyo yataka ulinzi wa mapema na subira. Baa lilizuiwa. Wala nzige hawakumalizwa. Bado wamo bondeni katika majani yao.

Tukirudi nyumbani, kipimo ni hicho hicho. Sukari ikifunikwa, chungu hatakuja. Na yule buibui wa ukutani hula nzi na mbu. Kando ya Ziwa Victoria yuko hata buibui mrukaji anayemchagua zaidi mbu aliyekwisha kunywa damu. Twamwua askari, kisha twalalamika juu ya mwizi!

Tunakijua kisa cha Nabii Suleiman (A.S.) na chungu aliyewaonya wenzake waingie majumbani wasije wakapondwa na majeshi yake. Chungu yule hakumdhania Suleiman ubaya. Alisema kuwa majeshi yatawaponda pasipo kutambua. Suleiman akatabasamu, akamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru.

Sisi leo twatambua. Je, chungu wa jikoni kwetu atatutolea udhuru gani?

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa kila alichokiumba, na atuzuie tusipite mpaka. Amin.