Giza la Mtakatifu Teresa

Wakatekumeni wapenzi, pengine mmoja wenu husema moyoni: «Nina mashaka, basi nisirudi tena kwenye mafundisho.» Na amtazame Mtakatifu Teresa wa Lisieux, mtawa wa Karmeli huko Ufaransa.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 alitema damu, kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Alifurahi, akidhani mbingu imekaribia. Lakini siku zile zile za Pasaka giza liliingia rohoni mwake, kana kwamba sauti inamdhihaki: mbingu hakuna, mbele ni usiku mtupu. Halikumwondokea mpaka kufa kwake, tarehe 30 Septemba 1897, naye ana miaka 24 tu.

Alifanya nini? Hakubishana na sauti ile, alimkimbilia Yesu. Aliandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe, akaichukua kifuani pamoja na Injili. Alimfunulia mkuu wa monasteri giza lake, kwani kidonda kilichofichwa hakipati dawa. Tenzi alizotunga wakati huo zajaa furaha ya mbinguni, nani angalidhani?

Komunyo yake ya mwisho, tarehe 19 Agosti 1897, alimtolea padri mmoja aliyekuwa ameliacha Kanisa.