Lutuku na Vodka ya Polonia
Wapolonia wanapika vodka kwa seigle, ndugu ya ngano, ao kwa viazi. Ya seigle iko na ukali kidogo kama pilipili; ya viazi inateremuka laini, nzito kwa ulimi. Żubrówka wanaitia jani la nyasi ya pori la Białowieża. Tangu 2013 sheria yao inasema: jina «Vodka ya Polonia» ni kwa nafaka na viazi vya udongo wao tu.

Basi tunajiuliza: lutuku yetu ya mahindi na muhogo, nayo ya moto na mvuke, kwa nini tunainywa tukijificha? Tusidanganyane, lutuku imevunja nyumba nyingi. Hata kule vodka imevunja. Lakini muonjaji anakunywa kidogo, anauliza: udongo gani, mukono wa nani? Sisi, mama anayepika tunamuuliza bei tu.