Uliza kwa Maneno Yako, Kisha Fungua Faili



Zamani mtu anayeandika programu, ili apate kitu ndani ya maelfu ya mistari ya msimbo, ilibidi ajue neno lenyewe lililoandikwa humo. Siku hizi anaiuliza akili mnemba kwa lugha ya kawaida tu: "Nywila inakaguliwa wapi?" Vyombo vingi vya aina hii hugeuza swali na msimbo kuwa namba, kisha huleta vipande vinavyokaribiana kwa maana, hata kama neno "nywila" halimo.

Mimi nimesoma falsafa, sio kompyuta, lakini hapo naona jambo la sala. Wengi wetu hatusali, eti hatujui maneno. Mtakatifu Paulo (Rum 8:26) anasema Roho mwenyewe hutuombea pale tusipojua kuomba. Chombo kinalinganisha namba; Mungu anakujua wewe. Basi sali kwa maneno uliyonayo.

Ila jibu sio mwisho. Chombo huweza kuleta kinachofanana, kumbe sicho. Ndiyo maana fundi makini hufungua faili akasoma mwenyewe. Mwaka 1871 Stanley alisikia njiani kwamba kuna mzungu mzee Ujiji. Habari ilikuwa ya kweli, lakini bado ilibidi atembee mpaka huku kwetu ziwani ndipo amwone Livingstone.

Nawe ukiiuliza simu kama jambo fulani ni dhambi, usiishie hapo. Fungua Injili. Nenda kwa padre. Piga magoti.