Shomoro wa Tano
(Luka 12:6-7)



Mathayo aandika kwamba shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja. Luka asema watano kwa senti mbili. Basi fanyeni hesabu. Wanne wametimiza senti mbili. Na huyo wa tano je? Yeye ni nyongeza tu, hana bei. Walakini Bwana asema kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu.

Hapa kwetu Same, katika nchi kavu iliyo chini ya milima ya Upare, watu humwona ndege mdogo juu ya paa, husema, "Ni shomoro tu," nao hupita. Lakini atazamaye kwa saburi huona kwamba shomoro si wa namna moja. Yuko yule mgeni, aliyeletwa pwani kwa njia ya bahari, naye siku hizi huonekana katika miji mingi ya Tanzania. Dume lake lina doa jeusi kooni, na mgongo wenye michirizi. Tena yuko mwenyeji, ambaye Mjerumani Anton Reichenow alimwita mwaka 1904 "suahelicus", yaani wa Waswahili. Huyu kichwa chake na mgongo wake ni vya kijivu pasipo michirizi, kiuno chake ni chekundu kama kutu, wala koo lake halina doa jeusi. Dume na jike hufanana. Makao yake ni Kenya ya kusini na Tanzania.

Basi ikiwa ndege mdogo hajulikani pasipo kutazamwa kwa saburi, si zaidi mwanadamu? Katika kila usharika yuko wa tano: mjane aketiye nyuma, mgonjwa asiyeweza kupanda kilima kuja kanisani, kijana aliyeteremka kutafuta kazi mbali, wala hakuna amwulizaye.

Nanyi waalimu, mfunguapo kitabu cha Wakristo, msihesabu vichwa tu. Msilifute jina la mtu kabla ya kupiga hodi mlangoni pake, na kuketi naye, na kumsikiliza. Labda ana njaa. Labda ana huzuni. Labda aona haya kwa kuwa hana sadaka.

Maana sisi sote hatukuwa na bei ya kumpa Mungu, naye alitukomboa kwa damu ya Mwanawe. Basi tumtafute wa tano, kama sisi tulivyotafutwa.

Amin.